NANI ANAKULA MUKUBA?

Somo: Kumbukumbu la Torati 8:7-18



Hapa Likasi tunajua kwamba neno "kula" lina maana nyingi. Mtu anakula bukari. Mwingine anakula falanga za watu. Lakini wazee Wasanga walikuwa na neno lao: kula mukuba. Hakuna meno yanayotafuna shaba. Kula mukuba ni kuitoa shaba katika jiwe na kuishi kwa faida yake. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita kwa Kifaransa walaji wa shaba.

Walikulaje? Mavuno yakiisha, kiangazi kikifika, walikwenda vilimani kuchimba malakiti, jiwe la kijani. Walichoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ilitengenezwa kwa umbo la msalaba, na msalaba ule ulikuwa falanga, ulikuwa mahari. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo yote. Ndiyo maana tunasema: jasho lilikuwa la wengi, na meza ilikuwa ya wengi.

Baadaye ikaja Union Minière, mwaka 1906. Kiwanda cha Shituru kikaanza mwaka 1929. Mwaka 1967 mali ile ikawa ya taifa, ndiyo Gécamines. Jamaa nyingi zilikula pale: unga, nyumba, shule, hospitali.

Kisha neno likageuka uchungu. Mwaka 1992 na 1993 watu walihesabiana nani anakula na nani ananyimwa. Majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi, wakingoja gari la kuwachukua, na wengine walikufa wakingoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi na kupewa malipo ya mwisho. Aliyefukuza jirani hakushiba kwa sababu hiyo.

Ndugu, someni vizuri. Mstari wa 9 Musa anasema juu ya nchi ambayo vilima vyake vinatoa shaba. Mstari wa 10 anasema juu ya kula na kushiba. Mstari wa 11 anaonya: msimsahau Bwana. Shaba, shibe na kusahau vinafuatana kama mabehewa ya treni moja. Na mstari wa 17 unatuonyesha mwenye kusahau: ni yule anayesema moyoni kwamba mkono wake mwenyewe umemtajirisha.

Basi tujiulize. Wewe unayenunua mawe ya wachimbaji, mizani yako ni ya haki? Wewe unayeshika sadaka, unakula pamoja na mjane au unamla mjane? Wewe uliyepata kazi, mzee aliyestaafu hapo jirani anapika nini leo? Na mgeni akiingia kanisani, usimwulize kwanza ametoka jimbo gani. Mpishe akae.

Mungu hakutukataza kula mukuba. Ni yeye aliyeuficha vilimani kabla ya babu zetu kuzaliwa. Anakataza kula peke yako, na kula kwa kumsahau yeye.

Ee Baba, utupe riziki, na utupe moyo wa kuigawa. Amina.