Sikio Moja Libaki Shambani

Mpunga ukishaanza kutia maziwa, Bonde la Kilombero huwa na kazi isiyojua Jumapili: kuamia ndege. Tangu alfajiri hadi jua linazama mtu yuko shambani na kombeo, debe na koo lake. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na hawaji mmoja mmoja. Siku hizi, ukitoka kidogo nje ya Ifakara, utamkuta kijana juu ya dungu, kombeo mkononi, vidude viwili vyeupe masikioni, kichwa kinatikisika. Hana waya wa kumkwaza wala simu ya kushika. Mikono yote iko kazini; masikio ndiyo yamekwenda matembezi.

Sina ugomvi na muziki shambani. Kazi ya kutwa bila sauti ya mtu huchosha kuliko jua. Na mkulima wa bonde hili hakusubiri eafoni ili aachie mikono. Redio ya National ilitundikwa mtini, au ikafungwa kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli, na Ifakara ni mji wa baiskeli. Mwenye redio alisikiliza, jirani wa jaruba la pili akasikiliza, na mpita njia naye, atake asitake. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz ziliwafikia wengi ambao hawakuwahi kununua hata betri.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Julai mwaka huohuo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, kicheza kaseti cha kutembea nacho na kusikilizia masikioni. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake mbele ya wenzake. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya eafoni, na kitufe cha rangi ya machungwa cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili wasemezane. Wanunuzi hawakushughulika nacho. Kila mmoja alitaka ya peke yake, na kitufe kikaondolewa. Mzee wa Kindamba wa bonde hili angemwelewa Morita bila mkalimani.

Lakini tusiusifu sana muziki wa wote. Anayeishi jirani na baa yenye sabufa, huku ana mgonjwa ndani au mtoto wa mtihani, anajua mateso hayo. Basi la Morogoro nalo hukulazimisha video za dereva safari nzima. Hapo eafoni ni ustaarabu mtupu, na laiti wenye sabufa wangezivaa wao.

Kuhusu hizo zisizo na waya, wauzaji hawasemi jambo moja ambalo bondeni lina uzito. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa eafoni kama antena. Chomoa waya, redio inagoma. Ukihamia kwenye Bluetooth, mara nyingi unaiaga redio ya bure na kuanza kula bando, au unabaki na nyimbo zilezile ulizoingiziwa kwenye memori kadi mjini. Masika ya mwaka 2024 maji yalipofurika bondeni, mtu wa shambani alihitaji habari za mto na barabara kuliko wimbo mpya. Kama unaipata Pambazuko FM, redio ya hapa bondeni, kwenye simu yako, usiutupe waya huo wa bei rahisi. Isitoshe, Bluetooth ya kawaida husikika vizuri ndani ya meta 10 hivi: ukiiacha simu kibandani isilowe, ukifika katikati ya jaruba muziki umekatika. Na kidude kikidondoka kwenye tope la mpunga, wewe nacho mmeshaagana.

Kuna na afya ya sikio lenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80, kama kelele za barabara yenye magari mengi, isizidi saa 40 kwa juma. Mtu anayeamia saa 10 kwa siku anazimaliza siku ya nne, na sauti hiyo vijana wengi wanaiona ndogo. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi.

Ila kinachonisumbua zaidi ni kazi. Shamba la Kilombero hulindwa kwa masikio kabla ya macho. Kundi la ndege huvuma kabla hujaliona, nguruwe pori huanza kwa kuvunja majani gizani, na jirani aliyezidiwa kibandani kwake hana njia nyingine ila kupiga kelele. Vivyo hivyo bodaboda anayekaribia reli ya TAZARA: honi ya treni hupigwa kwa ajili yake, naye yuko na wimbo.

Kwa hiyo mnaokwenda kuamia msimu huu, nendeni na muziki wenu. Eafoni hizi zimetengenezwa mbili zisizofungana, na nyingi hufanya kazi hata ukiivaa moja. Vaeni moja, nyingine ibaki kwenye kikasha chake ikichaji, halafu mbadilishe masikio mchana. Wa bodaboda, zote mbili mfukoni mpaka abiria ashuke.