Ahadi Kabla ya Hofu

Kuna kasi moja ambayo marubani wanaiita V1. Huhesabiwa kabla ndege haijaondoka, kwa kuangalia uzito, joto, upepo na urefu wa njia ya kurukia. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo, ndege inasimamishwa. Ikifa baada yake, ndege inaruka tu na injini iliyobaki, kwa sababu njia ya kusimamia imekwisha. Katika mashirika mengi, rubani huondoa kabisa mkono kwenye vishikio vya nguvu za injini, asije akashawishika.

Sasa mtu unaweza kuuliza: anayetii hesabu ya robo saa iliyopita ana uhuru gani? Si amekuwa mashine? Sisi tumezoea kumsifu anayeamua papo hapo.

Mimi naona uhuru uko kwenye ile hesabu. Ndani ya mtu mmoja wamo wawili: aliyetulia akafikiri, na ambaye moyo unamwenda mbio. Tarehe 4 Februari 2015, ndege ya TransAsia aina ya ATR 72 iliruka kutoka Taipei ikiwa na watu 58. Muda mfupi baadaye injini ya kulia ikaacha kuisukuma. Ndege ile ingeweza kupaa kwa injini moja. Utaratibu ulitaka kwanza ithibitishwe ni injini ipi yenye hitilafu. Rubani akaharakisha, akaizima ya kushoto, iliyokuwa nzima. Watu 43 walikufa. Nia mbaya haikuwepo. Kilichokosekana ni subira ya sekunde chache.

Ahadi hii ina gharama, tena inalipwa chini, si angani. Sheria inataka njia ya ndege yenye injini moja, hata baada ya hesabu kupunguzwa makusudi kwa tahadhari, ipite juu ya vilima na majengo kwa angalau futi 35. Uwanja ukiwa nyanda za juu kama Nairobi, hewa ni nyepesi, na siku ya joto mizigo huenda ikapunguzwa. Abiria analalamika begi lake limeachwa. Hajui begi hilo limemnunulia nafasi kati yake na mlima. Anayekataa kulipakia hapigiwi makofi na mtu.

Je, ahadi zinatosha? Hapana. Tarehe 15 Januari 2009, Chesley Sullenberger alipoteza nguvu za injini zote mbili juu ya New York baada ya kugonga bata bukini. V1 haikuwa na jibu. Akatua mtoni Hudson, na wote 155 wakapona. Lakini wakati yeye anaongoza ndege, msaidizi wake alikuwa anafuata orodha ya kuwasha injini upya. Mazoea ya kutii ndiyo yaliyomwachia nahodha nafasi ya kufikiri.

Basi na sisi tusio marubani, tuamue mapema: nikikasirika sitampiga mtoto, nikibanwa sitagusa pesa ya chama. Siku yenyewe ikifika, akili haitakuwa na muda wa kubishana.