Kitabu Kibaya ni Kipi?

Pana swali ambalo watu wajuao kusoma huulizana mara nyingi, nalo ni hili: Je, kitabu kisimuliacho dhambi ni kitabu cha dhambi? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo, nasi twapenda kulichunguza kwa mfano mmoja.

Mwaka wa 1944 mwanamke wa Marekani, jina lake Kathleen Winsor, alitoa hadithi ndefu iitwayo Forever Amber, yenye kurasa 972. Habari zake ni za Uingereza, siku za Mfalme Charles wa Pili, aliyerudishwa katika ufalme mwaka wa 1660. Msichana wa kijijini, Amber, amfuata bwana mmoja, Bruce Carlton, mpaka London, naye bwana yule asafiri na kumwacha na mimba. Tangu hapo Amber atafuta riziki kwa uzuri wake. Afungwa gerezani kwa deni, acheza katika jumba la michezo, aolewa mara nne, na mwisho awa kimada wa mfalme. Lakini Bruce, ambaye ndiye ampendaye, hampati kuwa mume.

Kitabu hiki kilinunuliwa kwa wingi, nakala 100,000 katika juma la kwanza. Kilipigwa marufuku katika majimbo 14 ya Marekani, na mwaka wa 1945 katika Australia pia. Katika jimbo la Massachusetts mwanasheria mkuu alizihesabu dhambi zake: watu kulala pamoja mara 70, na mimba za nje ya ndoa 39. Lakini mwaka wa 1948 mahakama kuu ya jimbo lilo hilo iliamua kwamba kitabu hakistahili kukatazwa.

Wasomaji nao waligawanyika. Wengine walisema ni uchafu mtupu. Wengine walisema wamejifunza humo habari za kale kuliko walivyojifunza shuleni. Wengine walichoshwa na urefu wake, maana Amber huanguka, huinuka, akaanguka tena pale pale. Na wengine walimhurumia kama ndugu yao.

Nani amesema kweli? Sisi twaona kwamba kuhesabu peke yake si kupima. Ahesabuye magunia hajajua kama mahindi yaliyomo ni mazima au yameoza. Hata Maandiko Matakatifu yatusimulia jinsi Daudi alivyomtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe, wala hayafichi neno. Lakini Nathani yuko mlangoni, na gharama ya dhambi yaonekana mpaka kwa watoto wa Daudi. Basi neno la kwanza la kuuliza ni hili: Je, kitabu chaonyesha gharama, au chaonyesha utamu tu?

Katika hadithi ya Amber gharama haikufichwa yote. Mwishoni adanganywa kwa barua ya uongo kwamba mke wa Bruce amekufa, naye aacha kila alichokipata, apanda merikebu kukimbilia asichoweza kukipata. Lakini mwandishi hamwekei msomaji Nathani. Amwachia kila mtu akate shauri mwenyewe, na hapo ndipo penye hatari kwa asiyekomaa. Wazee wetu hawakuona haya kunena habari za mwili, ila walizinena mahali pake na wakati wake, kwa kinywa cha kungwi aliyejua anasema na nani. Kitabu hakimjui amsomaye.

Yatupasa tuungame jambo letu wenyewe. Siku moja tulimkuta kijana wa darasa letu na kitabu hicho, kimechakaa, hakina jalada. Tulimnyang'anya, tukamkaripia mbele ya wenzake, tukakifungia sandukuni. Usiku tukakitoa tukasoma mpaka mafuta ya taa yakaisha. Kisebusebu na kiroho papo! Tulijiambia kwamba twachunguza ubaya wake, kumbe tulikuwa twautafuta.

Kesho yake tulimwita kijana peke yake, tukamwuliza, "Ulitafuta nini humu?" Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, nilitaka kujua kama yule msichana atarudi kwao." Tulinyamaza kwa aibu. Yeye aliyekaripiwa alikuwa akimtazama mtu. Sisi tuliokaripia tulitazama kile tulichokwisha kukishutumu.

Basi tukasoma naye sura za tauni ya mwaka wa 1665. Mwaka ule London iliandika zaidi ya watu 68,000 waliokufa kwa tauni. Mfalme na wakuu wake waliondoka mjini, na kila aliyekuwa na uwezo alikimbia. Katika hadithi Bruce apatwa na tauni, na Amber, mwenye dhambi zote zile, akaa naye, amwosha, amlisha, mpaka naye ashikwa na ugonjwa. Kijana akasema, "Kumbe alikuwa na moyo." Hakusema kwamba mwenendo wake ulikuwa mwema, wala sisi hatukusema. Kitabu kilichobaki tulimwambia atakipata akimaliza masomo, nasi tulitimiza ahadi.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu wenzetu, hatusemi kila kitabu kipewe kila mtu. Maziwa ni ya mtoto, na nyama ni ya mwenye meno. Lakini kabla ya kuchoma au kukataza, someni kwanza, mkajipime na ninyi mlivyosoma. Na mtoto akishikwa na kitabu cha namna hii, aulizwe alichokiona humo kabla ya kuambiwa alichokosa. Huenda mkasikia uchafu, na hapo pana kazi ya kufundisha. Au huenda mkasikia huruma, na ole wetu tukiipiga fimbo.