Mchoraji na Deni la Uhai

Kuhuisha ni kukitia uhai kitu kisichokuwa nao. Ndiyo maana filamu za picha za kuchorwa huitwa kazi za uhuishaji. Lakini yafaa tujiulize: uhai huo mchoraji anautoa wapi, naye ana deni gani kwa yule aliyeutwaa kwake?

Swali hili si la wachoraji peke yao. Latuhusu pia sisi walimu wa Kiswahili, hasa tulio baina ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyozuka kwao mwaka 1959. Leo wamo pia watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha.

Tuanze na kazi yenyewe. Kabla filamu haijatengenezwa, mchoraji wa hadithi huichora kwa penseli, tukio baada ya tukio, kwa vijipicha vya haraka vinavyobandikwa ubaoni kwa mfuatano. Desturi hii ilishika mizizi katika karakana ya Walt Disney, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Filamu iliyokamilika huweza kupitisha picha 24 kwa kila sekunde, lakini vijipicha vya ubaoni havisogei hata kidogo. Hata hivyo, mhusika aliyekufa pale ubaoni hafufuliwi na mwendo utakaokuja baadaye. Basi uhai hautokani na kusogea.

Watokana na nini? Tumchore mtoto wa Nakivale amesimama na dumu tupu la maji, machozi yakimtiririka. Picha ya namna hii tumeiona mara nyingi katika mabango. Yatia huruma, lakini imekwisha: hatujiulizi mtoto atafanya nini. Sasa tuchore vijipicha vitatu. Katika cha kwanza, mtoto huyohuyo yuko katika foleni ya maji, jicho lake liko kwa wenzake wanaocheza mpira wa makaratasi. Katika cha pili, ameliweka dumu chini limshikie nafasi. Katika cha tatu, amekwisha kutoka hatua moja, kisha amegeuka kumtazama mama aliye nyuma yake, kama amwombaye amlindie zamu. Je, mama atakubali? Je, mtoto atawahi kurudi? Hapo mtoto amepata uhai, kwa sababu analo alitakalo, analo aliogopalo, na uamuzi ni wake.

Dai letu ni kwamba hapa kosa la sanaa na kosa la maadili ni kosa moja. Amchoraye mkimbizi kama mtu wa kuhurumiwa tu amechora vibaya, tena amedhulumu, kwani amemnyang'anya hiari, kitu ambacho hata vita havikumnyang'anya.

Yumkini mtu atasema kwamba huruma ndiyo iletayo msaada, na kwamba kuchora mchezo ni kuficha dhiki. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mgao wa chakula ukipunguzwa, machozi ni ya kweli. Lakini hatusemi dhiki ifichwe. Foleni imo katika vijipicha vyetu, na dumu lingali tupu. Tunachokataa ni dhiki kummeza mtu mzima. Filamu ya Flee, iliyoongozwa na Jonas Poher Rasmussen wa Denmark na kutolewa mwaka 2021, ni ushahidi mwema. Yasimulia maisha ya mkimbizi wa kweli kutoka Afghanistan. Jina na sura yake vimesitiriwa, lakini masimulizi ni yake mwenyewe. Mchoro ukamlinda, na papo hapo ukamwonyesha akipenda, akificha ukweli kwa hofu, na hatimaye akiamua kusema.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Hapa Uganda, Raymond Malinga aliongoza filamu ya A Kalabanda Ate My Homework ya mwaka 2017, akimchora kiumbe wa kutisha ambaye wanafunzi wa nchi hii wamesimuliana habari zake. Alichora alichokijua. Je, watoto wa Nakivale nao watachora lini wanachokijua?

Jibu lipo kwetu kwa sehemu. Mara ngapi tumewapa wanafunzi insha ya "Shida za Mkimbizi", kisha tukashangaa kupokea insha arobaini zinazofanana? Picha iliyokufa tuliichora sisi, tukawapa waipake rangi. Tuwaulize badala yake: mtu huyu anataka nini, na leo asubuhi ameamua nini? Tuliposema mgeni njoo mwenyeji apone, tulikiri kwamba mgeni haji mikono mitupu. Tumpe penseli.