Je, Mtakatifu Aweza Kuchekwa?

Warusi wana sinema za picha zilizochorwa kwa mkono, zisimuliazo habari za mashujaa wao wa kale. Mmojawapo ni Ilya Muromets. Hadithi yasema alikaa miaka 33 juu ya jiko la nyumbani kwao pasipo kuweza kusimama (majiko ya huko ya zamani yalikuwa ya matofali, mapana, na watu walilala juu yake), hata wasafiri wacha Mungu wakapita na kumwomba maji ya kunywa. Akainuka, akawaletea. Wengi husadiki kwamba ndiye yule mtawa Ilya ambaye masalia yake yamo mapangoni mwa monasteri ya Kiev, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1643.

Studio ya Soyuzmultfilm ya Moscow ilimchora kwa heshima mwaka 1975 na 1978, tena chini ya serikali iliyomkana Mungu! Lakini mwaka 2007 studio ya Melnitsa ya St. Petersburg ilimfanya kichekesho: jitu lenye nguvu, liaminilo kila ishara ya mkosi.

Je, ni dhambi? Mimi sioni hivyo. Hata Petro akizama ziwani watoto wa Shule ya Jumapili hucheka, wala hatuwakemei. Linalonisumbua ni jingine. Mtoto akionyeshwa misuli tu, pasipo ile miaka 33, atadhani nguvu ni mali ya mwenyewe. Kumbe Ilya hakupewa nguvu kwanza ndipo akateka maji. Aliombwa maji angali hawezi kusimama.