Watoto Wetu Wamwige Nani?



Mtume Paulo aliwataka Wakorintho wafuate mfano wake, lakini aliweka mpaka: wamfuate pale yeye anapomfuata Kristo (1 Wakorintho 11:1). Ni neno zito, maana linatukumbusha kwamba kila mtu huiga. Mtoto hujifunza kusema, kulima, kuomba na hata kutukana kwa kuwatazama waliomtangulia. Kwa hiyo hatuulizi kama watoto wetu wataiga. Tunauliza watamwiga nani.

Katika ukimbizi swali hili ni gumu zaidi, kwa sababu wale waliokuwa vielelezo wametawanyika. Babu alibaki kijijini au alifia njiani. Mwalimu aliyeheshimiwa na kijiji kizima leo anapanga foleni ya mgawo kama wengine. Baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe haoni cha kumwonyesha mwanawe. Nafasi yao haikai wazi. Itajazwa na mwanamuziki, na mchezaji mpira, na kijana aliyetuma picha kutoka Marekani akiwa ameegemea gari. Jambo la hatari zaidi, itajazwa na mwenye bunduki anayesifiwa kwa kuwa ni wa kabila letu.

Hatusemi kwamba ni dhambi kumpenda mchezaji mpira au kutamani kupelekwa nchi ya tatu. Mwenye njaa hutamani chakula, na aliyefungiwa hutamani mlango. Lakini kumfurahia mtu kwa alichopata si sawa na kumfanya kielelezo. Kabla ya kumweka mtu mbele ya watoto, tumpime kwa mambo matatu.

Kwanza, tutazame amepitia njia gani. Mtu amedanganya katika mahojiano, au ameandikisha watoto wasio wake kwenye kadi ya mgawo, na mambo yake yamemnyookea. Jioni watu wazima wamekaa nje, wanacheka na kusema, "Yule mjanja, anajua kuishi." Mtoto yuko hapo hapo anachambua maharage, na masikio yake yako wazi. Jumapili atafundishwa kwamba Mungu anakataza ushuhuda wa uongo. Ataamini lipi? Ataamini lile lililosemwa kwa furaha. Ndiyo maana ulimi wa mzazi humchagulia mtoto kielelezo kabla mtoto hajajichagulia mwenyewe.

Wengine watasema kwamba mkimbizi hana la kufanya, milango imefungwa na miaka inapita. Hoja hiyo tunaielewa. Kusubiri miaka kumi au ishirini si jambo dogo. Lakini tunaweza kumhurumia aliyedanganya kwa sababu ya shida bila kumsifu. Huruma ni kitu kimoja, na sifa ni kitu kingine. Tena jina la uongo linaweza kukalia nafasi ya mjane fulani ambaye amesema kweli na bado anangoja.

Pili, tutazame anavyowatendea wasio wa kwao. Kumpenda ndugu yako si ajabu. Hata watu wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Tukumbuke vijana wa Seminari Ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliwavamia na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Walikuwa wanafunzi, umri wa vijana wetu wanaoimba kwaya. Hawakuwa na mali wala cheo. Walikuwa na jambo moja tu: kila mmoja alimwita mwenzake ndugu, na hakulifuta neno hilo hata kifo kilipokuwa mlangoni.

Si kila mmoja wetu ataombwa damu yake. Lakini kila siku tunaulizwa swali lile lile kwa sauti ndogo: kwenye bomba la maji, darasani kwenye dawati, na binti yetu anapochumbiwa na kijana wa kabila lingine. Anayejibu vizuri hapo, huyo ndiye wa kuonyeshwa watoto.

Tatu, tukumbuke ule mpaka wa Paulo. Petro alikuwa nguzo ya kanisa, lakini kule Antiokia, kwa kuogopa watu wa kwao, aliacha kula pamoja na waamini wa mataifa mengine. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, mtu mwema, akachukuliwa na mkumbo huo. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Hapa tunajifunza kwamba kosa la mtu mkubwa halitembei peke yake. Huondoka na watu. Tunajifunza pia kwamba kumheshimu kiongozi si kumfuata kila aendako. Mchungaji, mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya, tumfuate anapomfuata Kristo. Akitoka njiani, tumwombee na tumwambie kweli kwa upole, lakini miguu yetu ibaki njiani.

Mtu anaweza kuuliza: watu wa namna hiyo tutawapata wapi humu kambini? Tuanze karibu. Denis Mukwege, daktari wa Bukavu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba baba anaomba lakini hana dawa ya kuwapa. Hapo ndipo alipotamani kuwa daktari. Mwaka 2012, baada ya watu wenye silaha kuvamia nyumba yake, alikwenda Ulaya, na mwanzoni mwa mwaka 2013 akarudi Bukavu kwa wagonjwa wake. Dunia inamtazama yeye. Lakini yeye alianza kwa kumtazama mtu mmoja aliyekuwa akiingia katika nyumba za wagonjwa.

Kumbe kielelezo si lazima awe na jina kubwa. Yule mama anayemlea yatima wa jirani pamoja na wanawe, na kuwapimia wote uji kwa kikombe kimoja, ni kielelezo. Yule kijana aliyeongezewa mgawo kwa makosa akaurudisha, ni kielelezo. Hao tunaishi nao, tunaona siku zao nzuri na mbaya. Mtu wa kwenye picha tunaona tabasamu lake tu.

Basi wiki hii, wazazi, wakati wa maombi ya jioni, tuwatajie watoto mtu mmoja wa karibu anayestahili kuigwa. Tuwaambie wazi alifanya nini, na kwa nini jambo hilo linamfanana Kristo. Watoto wetu wamepoteza mengi njiani. Wasikose pia mtu wa kumfuata.

Mungu atusaidie. Amina.