Mfuko Tumboni Haumtoi Mtu Msikitini Wala Uwanjani



Yupo kijana jirani yangu ambaye tulizoea kumuona sehemu mbili: safu ya mbele Swala ya Alfajiri, na uwanjani jioni akicheza beki. Akaugua. Utumbo ulijisokota, akafanyiwa upasuaji, akatoka hospitali akiwa na tundu tumboni na mfuko umebandikwa juu yake kupokea choo. Tangu hapo hakuonekana msikitini wala uwanjani. Nilipomtembelea alisema kwa sauti ya chini: "Sheikh, mimi sasa natembea na najisi. Nitaswali vipi? Na mpira ndiyo basi tena?"

Nikamuuliza: hivi unadhani wewe ni wa kwanza? Imran bin Huswayn (RA) alikuwa na bawasiri. Hakujifungia ndani. Alimwendea Mtume (SAW) akauliza aswali vipi, akajibiwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Fatima bint Abi Hubaysh (RA) alitokwa na damu isiyokatika, naye akauliza waziwazi, akaelekezwa atawadhe kwa kila Swala. Hakuna aliyeambiwa kwamba Swala imemuondokea! Na Umar (RA), baada ya kuchomwa kisu, aliswali huku jeraha linavuja damu.

Kutokana na hukumu hizo mafakihi wakampimia kila mwenye udhuru wa kudumu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi katika mwambao huu, mtu huyo husubiri wakati uingie, hujisafisha kadiri awezavyo (kwa mwenye mfuko, aumwage), hutawadha na kuswali faradhi hiyo pamoja na sunna atakazo. Kikitoka kitu katikati ya Swala, hakimdhuru. Asicheleweshe baada ya kutawadha, ila kwa maslahi ya Swala yenyewe, kama kusubiri jamaa. Angalieni hapo: kusubiri jamaa kumetajwa! Lakini yule ambaye choo chake kinakuja kwa nyakati, akapata nafasi ya kutosha kutawadha na kuswali bila kutokwa, huyo aitumie nafasi hiyo. Ufafanuzi zaidi amuulize mwanachuoni anayemuamini.

Tuje kwenye mpira. Wapo watakaosema hili si la kujadiliwa na Sheikh. Mbona Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha (RA), mara ya kwanza akashindwa, na baadaye akashinda akamkumbusha kwamba hii ni kwa ile? Mwili ni amana, na mwenye mfuko hakuondolewa amana hiyo. Tena yeye anauhitaji zaidi mwendo wa miguu, maana misuli ya tumbo imekatwa na anayekaa tu hunenepa na kudhoofika.

Nilimtajia kijana habari za Rolf Benirschke wa Marekani, mpigaji mipira wa timu ya San Diego Chargers, katika ile kandanda yao ya kugongana vifua. Mwaka 1979 aliugua vidonda vya utumbo mpana, akapasuliwa na kuwekewa mfuko. Mwaka 1980 alirudi uwanjani, akaendelea kucheza kwa miaka kadhaa. Si Muislamu mwenzetu, lakini tumbo ni tumbo.

Hata hivyo pupa haifai. Kutembea huanza mapema kwa ruhusa ya daktari, lakini kunyanyua vizito na mazoezi ya tumbo husubiri wiki sita hadi nane, na wengine zaidi, kwa sababu nyama za kando ya tundu zinaweza kuachia na utumbo ukasukumwa nje, yaani henia. Mkanda maalumu wa tumbo husaidia. Mfuko umwagwe kabla ya kuingia uwanjani, na katika joto letu la Dar es Salaam jasho hulegeza gundi, hivyo mfuko wa akiba uwe begani. Maji anywe kwa wingi, hasa ambaye tundu lake ni la utumbo mwembamba, maana huyo hupoteza maji na chumvi upesi. Hata kuogelea kunawezekana, kwani mifuko hiyo haipitishi maji. La kuhadhari ni kugongwa: ule utumbo uliojitokeza hauna hisia ya maumivu, hivyo unaweza kuumia mwenyewe asijue. Akiona damu nyingi au rangi imegeuka kuwa nyeusi, akimbilie hospitali.

Sasa sisi wengine. Ni nani aliyemtisha kijana huyu? Daktari alimwambia atembee. Fikihi inamwambia aswali. Kilichobaki ni macho yetu na vidole tunavyoweka puani pasipo na harufu yoyote. Mfuko uliobandikwa vizuri hautoi harufu, na wallahi wapo tunaoswali nao bega kwa bega bila kujua. Tuliokula vitunguu vibichi ndio tulioambiwa tukae mbali na msikiti, na hatujioni!

Kijana amerudi. Jioni anacheza na wenzake, nikamkataza kukaa golini kwa sababu ya kujirusha. Alfajiri anakuja, ila anasimama mwisho wa safu ya nyuma, karibu na mlango. Hilo la mlango bado tunabishana.